Msumari Mmoja, Medali au Viatu

Nyinyi mliokaa karibu na dele la kahawa, pitisheni finjani na huku, mkono wangu haufiki. Na weye uliyesimama mlangoni, ingia au toka, lakini funga mlango, baridi yote inakimbilia nje kwenda kuwapoza mbuzi. Haya. Sogeeni. Leo sikupeni habari za samaki, samaki mshawachoka na mie mshaniambia nanuka. Leo nakupeni ya barafu.

Eeh, barafu. Usicheke. Hapa hapa Oman, ambako mwezi wa sita ukivunja yai juu ya boneti ya gari linaiva, linaungua, na kuku mwenyewe anakuja kukutaka radhi. Hapa Ibra nimemuona kunguru kwa macho yangu haya anakwenda kwa miguu ndani ya kivuli changu. Nikisimama, anasimama. Nikaingia msikitini, akabaki mlangoni ananingoja nitoke.

Basi nchi hiyo ndiyo iliyokuwa mwenyeji wa mashindano ya hoki ya barafuni. Ya wanawake. Timu zilikuja kutoka nchi za watu, nyengine nchi za theluji ya Mungu, huko mtoto anazaliwa na viatu vya kutelezea miguuni na mkunga anampokea kwa glavu za chuma. Na sisi wenyeji, matumaini yetu yote ya medali, kuanzia Musandam mpaka Salala, yalikuwa yamekaa ndani ya glavu mbili tu. Glavu za mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Yeye ndiye golikipa.

Si mtoto tena huyo, mwanamke mzima, ana kazi yake ya ofisi Nizwa. Watu wanauliza, mtu wa Ibra barafu kaijulia wapi? Kwangu! Kazi yangu mie gari la samaki. Nachukua nguru na jodari Sur, nawapeleka Nizwa, nyuma kote barafu tupu. Alipokuwa mdogo nilimpakia yeye na mama yake kuwapeleka Nizwa kwa daktari, gari likanifia njiani, nikalikokota mpaka Firq kwa mafundi. Mafundi wamo chini ya gari, sisi tunamtafuta mtoto hatumuoni. Kufungua mlango wa nyuma, namkuta juu ya mapande ya barafu, anateleza kutoka nguru huyu mpaka nguru yule, anacheka, pua nyekundu kama pilipili. Nikamtoa. Akalia, wallahi akalia mpaka karakana zote za Firq zikazima mashine, watu wakidhani king'ora cha moto. Toka siku ile barafu ikamuingia. Alipokua, akapata kazi, akapata gari lake, akaujua ule uwanja wa barafu wa Maskati. Akitoka ofisini anashika njia kwenda mazoezini, halafu anarudi.

Baba yake hakupenda. Shemeji yangu mtu mzuri, lakini bintiye anamshika kama yai. Mwanzo akavunjika jino. Halafu kidole. Halafu ile barabara yenyewe, malori na ngamia, kwenda na kurudi. Shemeji akawa hali chakula kikashuka mpaka simu ilie, aambiwe "Baba, nishafika." Basi mashindano yalipokaribia akatuita sote majlisi kwake, pale anapopokelea wageni, akatoa hukumu.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Mwenye shughuli hakosi cha kutia sahanini mwake. Nchi yako ndiyo mwenyeji. Ukileta medali ndani ya nyumba hii, hata ya shaba, nitapiga msumari pale ukutani niitundike, na sitosema neno juu ya barafu mpaka nazikwa. Usipoileta, msumari nitapiga vilevile. Lakini nitatundika viatu vyako, na hapo vitakaa mpaka vioze."

"Baba, vina chuma. Chuma hakiozi."

"Basi ndiyo vizuri. Vitakaa sana."

Dada yangu akafungua mdomo, shemeji akanyanyua kidole, dada akafunga mdomo. Nishasema, mtu mzuri, lakini neno lake akishalitoa mbele za watu halimezi tena, hata likiwa na miba.

Sasa ngojeni. Kabla sijakupelekeni Maskati lazima muijue sheria ya nyumba yetu, maana bila sheria hiyo msiba uliotukuta hamtaufahamu. Sheria ya mama yangu. Kaja nayo kutoka Unguja au kaikuta huku Oman, mwenyewe ukimuuliza anakwambia kaikuta tumboni mwa mama yake. Sheria inasema hivi: mgeni akisifu kitu, kitu si chako tena. Mgeni akisema tu "mashallah, zuri hili," unamwambia "tafadhali, lako," unampa, na unacheka. Ini linakatika, meno yanacheka. Mie kwa sheria hiyo nimepoteza saa, nimepoteza kofia ya viua aliyonishonea mama mwenyewe, na siku moja mgeni kasifu macho yangu, nikakimbia.

Shemeji kwa jambo hili ndiyo kabisa, kapita mpaka. Anajifakhari nalo. "Mgeni wangu," anasema, "haondoki akaliacha jicho lake nyumbani kwangu."

Na ana rafiki yake mmoja mtu wa Bahla, mfinyanzi wa mitungi. Bwana yule, Mungu amuweke, ana ulimi wa kusifu! Ikisikikana yuko njiani anakuja Ibra, dada anafunika televisheni kwa kanga, mazulia yanakunjwa, majirani wanaingiza kuku ndani. Mara moja alisimama mbele ya zizi la shemeji. Ndani mna mbuzi wa Jabal Akhdar, manyoya mpaka chini, utadhani kavaa joho anakwenda kuozesha. Shemeji kamlea kwa tende na maziwa, anamngojea Idi amuonyeshe watu. Mtu wa Bahla akamtazama, akatikisa kichwa, akasema, "Mashallah. Mbuzi huyu!"

Basi. Hakusema jengine. Shemeji akafungua kamba kwa mkono wake, akampakia kwa mkono wake, akapunga mkono mpaka gari lilipopotea. Halafu akaingia ndani akajilaza, akasema kichwa kinamuuma. Mpaka leo Ijumaa akipita soko la mbuzi Nizwa, akiona manyoya marefu anageuza uso.

Haya, hiyo itieni mfukoni.

Mashindano yakaanza, na sisi wenyeji tukafungwa. Tukafungwa tena. Mabao siyataji, msinitie aibu. Kile kinachochezwa wala si mpira, ni kijisahani cheusi, kigumu kama kashata ya mwaka jana, kinakwenda mbio mpaka unakisikia kabla hujakiona. Dhahabu ikapata watu wake, fedha ikapata watu wake. Lakini timu zenyewe zilikuwa chache, ikabaki mechi moja, ya shaba. Sisi na wageni kutoka nchi ya baridi kweli, nchi yenyewe siitaji nisije nikaletewa balozi mlangoni. Nchi nzima ikawa inaizungumza ile shaba, madukani, kwenye petroli, mpaka Sur pale sokoni wavuvi wananiuliza, "Vipi, mpwa wako atatufutia aibu?" Nawaambia inshallah. Lakini mie nilikuwa siifikirii nchi. Nilikuwa naufikiria msumari.

Shemeji hakuja uwanjani. "Nabaki na mbuzi," akasema. Mbuzi gani, na mbuzi mwenyewe wa maana yuko Bahla! Ukweli moyo wake ulikuwa hauwezi. Tukenda mie, dada na mama, sote watatu mbele ya gari la samaki, maana betri ya gari la dada ilikuwa imekufa kwa joto. Mama kapakata dele, kikapu cha tende, na bakuli la halua kubwa kama tairi la akiba.

"Mama, halua yote hiyo ya nani?" nikamuuliza.

"Ya wageni."

"Mama! Wageni ndio tunaopambana nao!"

"Kwani aliyekuja kupambana haoni njaa? Wamekuja kwako, weye ndiye mwenyeji. Mwenyeji kwanza analisha. Kupiga baadaye."

Dada akatazama dirishani. Midomo yake inasoma dua, nasikia "viatu, viatu" katikati ya dua.

Mlangoni askari akatuzuia. "Hajja, samahani, chakula hakiruhusiwi."

"Masalkheri, mwanangu," mama akamjibu. "Umekula weye?"

Nilipogeuka tena, askari kikapu kakibeba yeye, masharubu yana halua, anatuonyesha njia.

Ndani, jamani! Nje watu wanaiva, ndani pumzi zinatoka midomoni kama moshi wa ubani. Nilipiga chafya, ikaanguka chini ikavunjika. Mama juu ya abaya kajifunga kanga mbili na blanketi la gari la samaki, na nafasi ikapatikana hapo hapo, walio jirani nasi wote walihama. Mpwa wangu kule chini, mbele ya goli, kavaa magodoro mwili mzima na kinyago cha chuma. Akatutafuta kwa macho, akagonga fimbo yake kwenye barafu, ko, ko. Hiyo salamu ya bibi yake.

"Marahaba, mwanangu!" mama akapiga kelele.

Mechi ikaanza, na lo, tukafunga sisi! Msichana wetu mmoja wa Sur, mwembamba kama mshipi, akapenya akakitia kijisahani wavuni. Watu wakaruka, mie nikamkumbatia mtu nisiyemjua, akanusa, akaniachia. Moja bila. Na kule golini mpwa wangu anazuia kwa mguu, kwa bega, kwa kifua. Wageni wanapiga, yeye anameza. Nikasema khalas, shaba hii hapa, naiona.

Yakaja mapumziko. Nageuka kumwambia mama, mama hayupo. Na dele halipo.

"Dada, mama yuko wapi?"

Dada akanyoosha kidole. Mama yuko chini, kwenye benchi la wageni! Askari kashika kikapu, mama anamimina. Wale wasichana wa watu, waliozoea kunywa maji ya chupa, wanakula halua kwa vidole, wanalamba glavu. Na kahawa ile ya mama mnaijua, nyeusi, iliki na zafarani, ukiinywa jioni unalala wiki ijayo. Sasa sisi tunajua, ukitosheka unatikisa finjani, mwenye dele anaacha. Wao masikini hawajui! Wanarudisha finjani kwa heshima, na mama anajaza kwa heshima. Mmoja alikuwa mrefu, ana msuko mwekundu mpaka kiunoni, huyo alirudisha finjani mpaka nikaogopa.

"Mtikisie!" nikapiga kelele kutoka juu. "Bibi weye, tikisa!" Anadhani namshangilia. Akanipungia mkono, akarudisha finjani tena.

Jamani. Waliporudi barafuni hawakuwa watu. Majini! Macho yamewatoka, wanazunguka kama feni. Barafu ilikuwa inatoa moshi. Yule wa msuko mwekundu akapita kati ya watu wetu, akapiga, na kijisahani kikaingia wavuni mpwa wangu hajafumba jicho. Sare, moja kwa moja.

"Mama!" dada akasema, machozi yanamlengalenga. "Umewatia petroli!"

"Mashallah," mama akasema. "Kahawa imewakaa."

Kuanzia hapo sisi hatukucheza tena, tulikuwa tunajihifadhi tu. Wanakuja wanapiga, wanakuja wanapiga. Kimoja kilimgonga mpwa wangu kwenye kinyago, akaanguka magoti. Nikamuona anatafuta fimbo yake kwa mkono kama mtu anayetafuta miwani. Akainuka. Dada kanishika hapa kwenye mkono, kucha zake mpaka leo zimo. Saa ile kubwa ya ukutani inahesabu kurudi nyuma, na naapa ilikuwa ikifika mahala inapumzika.

Filimbi. Moja kwa moja bado. Ikawa sasa ni kupigiana mmoja mmoja, mpigaji na golikipa peke yao, wengine wote wanatazama. Simu mfukoni ikalia. Shemeji.

"Vipi?" Sauti imekauka kama kitambaa kilichoanikwa juani.

"Tunapigiana mmoja mmoja."

"Mie nipo mbele ya ukuta. Nyundo ninayo mkononi."

"Shemeji, ngoja."

"Msumari nishauegemeza. Niambie tu nitundike nini."

"Ngoja, bwana!"

Wakapiga, wakazuiwa, wakapiga, wakakosa. Wetu mmoja akatia. Wao wakabakiwa na mpigaji mmoja wa mwisho. Akitia, tunaanza upya, na mpwa wangu alikuwa keshachoka. Akizuiwa, shaba yetu. Na nani kasogea kuja kupiga? Msuko mwekundu. Finjani zote zile za mama ndani yake.

Dada akajifunika uso kwa kanga. Mama akasimama. Mie simu iko sikioni, shemeji ananipumulia. Yule msichana akaanza taratibu, halafu mbio, halafu akayumba kulia. Mpwa wangu akafuata kulia. Akarudi kushoto ghafla. Ya Rabbi! Goli liko wazi, kubwa kama mlango wa ngome ya Nizwa. Akapiga. Na mpwa wangu alikuwa keshaanguka upande mwengine, lakini mguu mmoja, mmoja tu, akaurusha nyuma kama punda anavyorusha teke bila kutazama. Ko! Kijisahani kikagonga chuma cha kiatu chake, kikapanda juu, kikazunguka hewani, sote tunakitazama, kikaangukia nyuma ya goli. Nyuma. Si ndani.

Nilipiga ukelele ambao kule Sur, naambiwa, samaki waligeuka. Na ndani ya simu nikasikia, ko, ko, ko, ko. Shemeji anagongea msumari.

Wakavishwa medali. Mpwa wangu akatujia kavua kinyago, jasho linamtoka kwenye baridi ile, jino lake lililovunjika linacheka. Medali kifuani. Dada anaibusu medali, anambusu mtoto, anaibusu medali. Mie nikaigonga kwa kucha nisikie inavyolia. Nikamwambia, "Barabara ya Maskati sasa yako mpaka uzeeke."

Lakini mama alikuwa hatutazami sisi. Yule wa msuko mwekundu kakaa peke yake kwenye ngazi, kichwa chini, mabega yanacheza.

"Mgeni analia," mama akasema. "Nyumbani kwangu mgeni analia?" Akamwendea, akamfunika lile blanketi la samaki, akamkumbatia. Sisi tukafuata. Mpwa wangu akamwinamia akazungumza naye Kiingereza, wakapeana mikono, yule msichana akafuta machozi. Halafu akanyoosha mkono, akaishika medali kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye taa, akasema maneno.

Mama akauliza, "Kasemaje?"

Kiingereza cha kuuzia samaki ninacho. Nilifahamu. Nikawahi, "Anauliza choo kiko wapi."

"Choo, na kashika medali?" Mama akamgeukia mjukuu wake. "Kasemaje, mwanangu?"

Nikamkonyeza mpwa wangu. Nikamkonyeza kwa macho yote mawili mpaka nikawa kama nimeingiwa na mchanga. Dada akamkanyaga mguu, lakini atasikia wapi, na kiatu kile! Mpwa wangu akamtazama bibi yake. Uso ukamshuka.

"Anasema nzuri, bibi. Anasema hajapata kuona nzuri hivi."

Mama naye, mama mwenye sheria yake, akaitazama ile medali. Halafu akasema polepole, "Medali si yangu, mie siwezi kukugawia. Mwenyeji weye."

Mpwa wangu alisimama pale, na mie niliuona msumari machoni mwake. Tena akainama, akautoa ule utepe shingoni, akamvisha yule msichana. "Tafadhali," akamwambia. "Yako." Yule msichana akakataa, akakataa, akaivua akairudisha. Mpwa wangu akamvisha tena, na anacheka, vile vile tulivyofundishwa, meno yanacheka. Yule akaelewa kuwa hapa hakuna kukataa. Akalia upya, mara hii kilio chengine.

Njia nzima kurudi Ibra gari lilikuwa kama linabeba maiti. Mpwa wangu kaliacha gari lake Maskati, kajibana mbele nasi, begi la viatu kalipakata. Nikamwambia, "Ungesema choo tu." Akanijibu, "Mjomba, ingekuwa ukutani, ningeitazama vipi?" Simu ikalia. Dada akaitazama kama nyoka, akaipokea.

"Mko wapi?" Shemeji, furaha mpaka inamwagika nje ya simu. "Njooni upesi! Nimeita mtaa mzima. Nimechinja. Na rafiki yangu wa Bahla naye kaja kuitazama medali!"

Dada akasema, "Inshallah," akazima simu. Inshallah gani, na mambo yashakuwa!

Tulifika watu wametoka kusali magharibi. Majlisi imejaa, televisheni imefunikwa kanga, na katikati ya ukuta mweupe msumari, mpya, unang'ara kama jino la dhahabu. Chini yake kaweka kabisa kigoda cha kupandia. Mtu wa Bahla kakaa pembeni anakula tende, hasemi. Shemeji akasimama, mikono kaifungua.

"Karibu, golikipa wa nchi! Iko wapi? Wape watu waione."

Mpwa wangu akasimama mlangoni na begi lake. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Iko wapi?"

"Baba, mgeni kaisifu."

Nakwambieni, mpaka mashine ya baridi ilinyamaza. Shemeji mikono ikateremka.

"Kaisifu?"

"Kaisifu."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa Kiingereza, baba."

Jirani mmoja akasema, "Labda kwa Kiingereza haihesabiki."

"Sifa ni sifa," mama akamkata.

Shemeji akakaa. Akasimama. Akajifuta uso kwa kilemba. Amgombeze kwa nini, wakati yeye ndiye mwenye kujifakhari? Lakini neno lake nalo alilitoa mbele za watu, na watu ndio hawa hawa wamekaa.

"Umefanya sawa kumpa," akasema mwisho, sauti ndogo. "Ningekuwa mie, ningempa. Lakini nilisema ndani ya nyumba hii. Na ndani ya nyumba hii haimo. Msumari ule nishaupiga. Nipe viatu."

Dada akasema, "Baba watoto..." Shemeji akanyanyua kidole.

Mpwa wangu akafungua begi. Hakulia, hakubisha. Kimoja chuma chake kina alama pale kilipogonga kile kijisahani. Akavitoa, akampa baba yake kwa mikono miwili kama anampa mtoto mchanga. Shemeji akafunga pamoja kamba za kiatu hiki na kiatu kile. Aligeuka, akapanda kigoda. Akanyanyua mkono. Kamba zimebakisha unywele kugusa msumari.

Pembeni mtu akakohoa.

"Mashallah," akasema mtu wa Bahla.

Sote tukagutuka. Dada akakimbilia televisheni. Jirani akavua saa akaitia mfukoni. Mtu wa Bahla kaacha tende, macho kayakaza juu kwenye kigoda.

"Viatu hivyo," akasema. "Mashallah, vinavyong'ara! Sijapata kuona vizuri hivi."

Shemeji kaganda juu ya kigoda, mkono hewani, utadhani mnara. Akatazama msumari. Akatazama viatu. Akamtazama mama mkwe wake, na mama kamtumbulia macho. Aliteremka, mguu mmoja, na mguu wa pili. Akacheka, kicheko kama mlango usiotiwa mafuta.

"Tafadhali," akasema. "Vyako."

Mtu wa Bahla akavipokea. Akavigeuza. Akajitazama ndevu kwenye chuma. Sisi tunamtazama, nani ajuaye, labda atavifinyangia mitungi! Halafu akainuka polepole, akavuka majlisi yote mpaka mlangoni, akasimama mbele ya mpwa wangu.

"Mwanangu," akamwambia, "mie na visigino hivi barafuni nitafika wapi? Viatu vyangu hivi, nami nakupa weye. Lakini zawadi yangu ni ya kuvaliwa. Ukiitundika ukutani umenivunjia heshima."

Mpwa wangu akavishika kifuani. Dada akaanza kulia kwa sauti, mama anasema alhamdulillahi, majirani wanatazamana. Shemeji peke yake kasimama chini ya msumari wake mtupu. Anamtazama mtu wa Bahla, anavitazama viatu, anamtazama tena mtu wa Bahla, mdomo unafunguka na kufunga kama nguru aliyetolewa majini, mpaka neno likampasuka:

"Na mbuzi wangu je? Mbona yule hukumrejesha?"